Saini ya Mtu wa Pili

Gari la Kenzie lilikuwa limeshaanza kurudi kinyumenyume kutoka uani, godoro limefungwa juu kwa kamba za mitego ya baharini, ndipo Verna Gouthro alipofika akihema na kushika kioo kilichokuwa wazi nusu. Ndani, mke wa Kenzie, Jolene, alikuwa na mbwa mapajani na chupa ya chai katikati ya miguu.

"Jolene, mstari mmoja tu. Kalamu ninayo."

"Verna, mama, tumechelewa. Tunataka tuvuke daraja tutoke kisiwani kabla theluji haijaanza."

"Kikao changu cha nidhamu ni leo saa tisa. Andika tu kwamba sikuwemo chumbani kwa Mzee Hughie. Basi."

Jolene alimtazama mumewe. Kenzie akatazama usukani.

"Nikiandika hivyo, nimeandika kwamba saini yako niliitia mimi. Alberta wananingoja kazini Jumatatu, na cheti cha uhudumu ni hichohicho kimoja." Akamshika Verna vidole vilivyokuwa kwenye kioo. "Tukisimama kula nitakuandikia kwenye simu. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama yako yu hai, Jolene."

"Basi kwa la baba."

Gari likashika njia ya Alberta, upande wa pili wa Kanada. Verna akabaki uani kwa watu, kalamu mkononi, theluji ya Machi imemwingia viatuni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika nyumba ya wazee alikofanya kazi miaka kumi na tisa, mzee asiyeweza kusimama hunyanyuliwa kitandani kwa mashine yenye mikanda. Sheria inataka watu wawili: mmoja aendeshe, wa pili akague mikanda, na wote watie saini kwenye karatasi ya mlangoni. Lakini asubuhi wahudumu ni wanne, wazee thelathini na wanane, na uji unataka kunywewa saa mbili. Kwa hiyo kila mmoja alichukua mashine yake akaingia peke yake, na akimaliza alijisainia, kisha akamsainia na mwenzake. Walikuwa wakiitana ukumbini:

"Niandike!"

"Ushaandikwa!"

Mgeni alifundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Meneja, Madamu Pettipas, alipita katikati ya makelele hayo kila siku na kikombe chake cha kahawa, na tangazo ukutani lilikuwa la mkono wake: NAFASI TUPU KWENYE KARATASI NI KAZI ISIYOFANYIKA. Basi hakuna aliyeacha nafasi tupu.

Wiki tatu zilizopita mkanda mmoja haukufungwa. Mzee Hughie Beaton, aliyekuwa mchimba makaa zamani, akateleza na kuvunjika mkono. Aliyekuwa na mashine ni Jolene. Mtu wa pili, kwa mujibu wa karatasi, ni V.G. Naye V.G. dakika ile alikuwa mwisho wa ukumbi, sifongo mkononi, akimwogesha Mama Sutherland, ambaye hata siku zake nzuri humdhania Verna ni dada yake aliyekufa. Shahidi gani huyo?

Saa sita mchana akaja nyumbani kwa Verna Wendell Poirier, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Alikung'uta viatu, akaketi bila kukaribishwa, akajimegea biskuti ya shayiri.

"Umelala?"

"Nimelala kama samaki, macho wazi."

"Haya, nisikilize. Watakuuliza swali moja, mengine yote mapambo. Hii saini ni yako? Ukisema ndiyo, umezembea. Ukisema siyo, watakuuliza umeandikwa mara ngapi, na wewe umeandika wangapi. Hapo si uzembe tena, ni kughushi. Cheti kinakwenda moja kwa moja, na polisi huenda wakaitwa."

"Lakini siyo yangu, Wendell."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Wendell akafungua faili lake na kupanga karatasi tatu kando ya birika. "Halafu niliomba za asubuhi ile zote. Tazama. Saa moja na dakika kumi umekagua mikanda chumba cha nne. Saa moja na dakika kumi uko chumba cha kumi na moja. Dakika hiyohiyo uko na Mzee Hughie. Umekuwa malaika, mama."

Verna hakucheka. Chini ya kila karatasi, kwa wino wa kijani, palikuwa na saini ya kuthibitisha: Pettipas.

"Mbona hii inatosha! Inammaliza."

"Inawamaliza wote. Huyu hapa Dot, ndiye aliyekuandika chumba cha nne. Huyu binti wa Raymond, cha kumi na moja. Pettipas atasema yeye anathibitisha karatasi, halindi milango. Kesho wataitwa wenzako kumi na wawili, na nao nitakaa nao hivihivi nile biskuti zao."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Wa wanachama. Ndiyo taabu yenyewe." Akafuta makombo kwa kiganja. "Kubali uzembe. Pettipas amenidokeza: wiki mbili nyumbani, yamekwisha. Lakini karatasi nitakuja nazo. Ukinitikisia kichwa, nazitoa."

Alipoondoka tu, simu ikalia. Alikuwa Dot.

"Verna, mpenzi, nimekuwashia mshumaa kanisani."

"Ahsante, Dot."

"Ila jina langu, mama... Nina mwaka mmoja tu nistaafu. Unaelewa, eh?"

"Naelewa."

Alijaribu mbele ya kioo cha bafuni: "Sikuwemo." Ikasikika kama uongo. Akajaribu tena kwa sauti ya chini, ikasikika vibaya zaidi. Kufikia saa nane Jolene alikuwa ameshakula. Aliweka mtandaoni picha ya mbwa amevaa kofia nje ya hoteli moja ya New Brunswick, jimbo la jirani. Neno jingine hakuna.

Kikao kilifanyika katika chumba cha michezo. Madamu Pettipas alimmiminia chai na kumuulizia goti lake. Kando yake alikaa bwana kutoka makao makuu, mwenye kompyuta na mafua.

"Mzee Hughie mwenyewe mmemuuliza?" Verna alianza yeye.

Yule bwana akasoma: "Mkazi alisema, 'Binti wa Gouthro mrefu hakuwepo.' Alisema pia kwamba mwaka huu ni elfu moja mia tisa sitini na moja. Maelezo yake hayakuzingatiwa." Akageuza karatasi. "Hii saini ni yako?"

Wendell aliweka kiganja juu ya faili, akamtazama. Kutikisa kichwa mara moja tu. Verna akamwona Dot na mshumaa wake. Akaona duka la ushirika, ambako watu wangenyamaza akiingia, na misa ya Jumapili, na benchi tupu pande zake zote mbili. Akakumbuka pia herufi za Dot, alizoziandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mara ambazo hawezi kuzihesabu. Alikuwa amechoka.

"Yangu."

Madamu Pettipas alishusha pumzi.

"Ila iandikwe," Verna alisema, "kwamba asubuhi ile tulikuwa wanne kwa wazee thelathini na wanane."

"Hilo si la kikao hiki," alisema yule bwana, na hakuandika.

Hazikuwa wiki mbili. Barua ya kufukuzwa ilifika Ijumaa, na cheti chake kikafungiwa mwaka mzima. Wendell alikata rufaa. Huu ni mwaka wa pili na haijapangiwa tarehe. Jolene aliandika baada ya siku tisa kwamba simu yake ilizima njiani. Anafanya kazi Alberta, kwenye nyumba ya wazee. Dot alistaafu, akakatiwa keki. Mzee Hughie alikufa Mei kwa kifua, mkono wake ukiwa umeshaunga. Madamu Pettipas anasimamia nyumba mbili sasa. Verna husafisha vibanda vya watalii kiangazi; msimu wa baridi hukaa nyumbani. Nafasi yake ilitangazwa mara nne. Hakuna aliyeomba.