Kuku Sita wa Mama Mkwe

Bi Mwanahawa alipofika Makole, Dodoma, kwa mwanawe, kitu cha kwanza kushushwa kwenye bajaji hakikuwa begi lake. Lilikuwa tenga. Ndani yake mlikuwa na kuku sita, wamesongamana, midomo wazi kwa joto na uchovu wa safari ya kutoka Kondoa. Sabrina, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mikono ampokee mama mkwe wake, alijikuta analikagua tenga kabla ya kumtazama mgeni usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Ikram. Pokea kuku wako hao. Nimekuletea mbegu."

Sabrina akapokea. Zawadi ya mkwe hairudishwi mlangoni. Lakini aliogopa, kwa sababu nyuma ya jiko lake kulikuwa na banda, na ndani ya banda kulikuwa na kuku kumi na tisa ambao kwake hawakuwa kuku tu. Wote walitokana na mitetea miwili aliyopewa na marehemu mama yake mwaka ule alioolewa. Mama yule hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha kuku. Kuna siku Sabrina alimwona mtetea fulani akitembea kwa madaha uani, akacheka peke yake na kusema, "Mama huyo anapita."

Na alijua hatari iliyokuwa tengani. Bwana Octavian, afisa mifugo wa kata, aliwahi kuwaeleza wafugaji wa mtaa kwa lugha nyepesi: kuku mgeni hukaa peke yake wiki tatu, na chombo chake cha maji, na anayemhudumia ananawa na kubadili ndala kabla ya kwenda kwa wenyeji. Akionekana mzima, asogezwe waonane kupitia kwenye wavu. Kuchanganywa ni mwisho kabisa. Kisha kulikuwa na jambo la chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku wa banda zima. Chupa moja huchanja kuku wengi, hivyo majirani husubiriana mpaka watimie. Siku ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Sasa walikubaliana iwe Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumatatu.

Basi akalibeba tenga hadi kwenye stoo ya mkaa, upande wa pili wa ua. Bi Mwanahawa alimfuata.

"Unawafunga? Wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, mama. Ni utaratibu tu. Wiki tatu hivi, wasije wakaambukizana."

"Kwa hiyo kuku wangu wana maradhi."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema."

Jioni Shaaban alirudi kazini, na habari akaipata kwa mama yake kwanza. Alipokuja jikoni alikuwa amenywea kama mtoto aliyetumwa maneno makali asiyotaka kuyasema.

"Mama hataki kula. Anasema kama kuku wake wanalala kwenye mkaa, na yeye umtandikie gunia huko huko."

"Shaaban, si unajua mambo ya chanjo?"

"Najua. Lakini ni mama."

"Zungumza naye."

"Nimezungumza," akasema, akaangalia pembeni. Sabrina akajua hajazungumza.

Kesho yake alitoka kwenda kununua pumba. Hakukawia hata saa nzima. Aliporudi, mlango wa stoo ulikuwa wazi, na kuku wote ishirini na watano walikuwa uani, wanakunywa maji kwenye beseni moja. Bi Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye kigoda, anawarushia mtama, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Tazama, wameshazoeana! Jogoo wenu alileta fujo kidogo, nikamtuliza."

Sabrina alisimama na kiroba cha pumba kichwani. Maneno yalimjaa kinywani, mengi, mengine yasiyosemwa kwa mkwe hata ukiwa na haki zote za dunia. Lililotoka lilikuwa moja.

"Ahsante, mama."

Alimpigia simu Bwana Octavian.

"Wameshakunywa pamoja?" akauliza yule afisa.

"Ndiyo."

"Watenge hivyo hivyo, ingawa tumechelewa. Huko walikotoka kuko salama? Muulize mama."

Alimuuliza. Bi Mwanahawa alijifunga upya kanga yake, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mikunjo. "Kuku ni kuku," akasema. "Hufa, na huzaliwa."

Alhamisi, kuku mmoja mweupe wa mgeni alisinzia wima mchana kweupe, mbawa zimelegea. Ijumaa alikuwa maiti, na wenzake wawili wanaharisha kijani. Sabrina alitenga, alifagia, alimwaga dawa ya kuulia vijidudu, mikono ikamchubuka kwa kunawa. Jumamosi Bwana Octavian alikuja na kiboksi chake cha barafu. Alifika getini, akasimama hapo.

"Karibu ndani," Sabrina akasema.

"Siingii, dada. Nikiingia kwako nitaubeba ugonjwa kwa viatu vyangu mpaka kwa wenzako."

"Wangu hawajaanza kuumwa. Wachanje hawa, tafadhali."

"Ugonjwa ukishaingia mwilini, chanjo haiutoi. Na dawa hauna. Nisikudanganye." Aliinamisha kichwa. "Watakaokufa, wafukie kwenye shimo refu. Wasiliwe, wasiuzwe. Pole sana."

Akavuka kwenda nyumba ya pili. Sabrina alibaki ameshika geti, anasikia kuku wa jirani wakilia wanapokamatwa na kutiwa tone jichoni, mmoja baada ya mwingine.

Jumapili jogoo wake hakuwika.

Shaaban alipoona hali, alisema kwa sauti ya chini kwamba yuko mtu wa banda la chipsi angewachukua wale waliosimama bado, leo hii, kabla hawajawa vibudu.

"Hao wazima wa leo ndio wagonjwa wa kesho," Sabrina akajibu. "Watapitishwa sokoni, wakae na kuku wa watu. Kuna mwenzangu mahali naye ana banda." Shaaban alichukua jembe akaenda kuchimba.

Wiki ile walifukia kila asubuhi. Ardhi ya Dodoma kiangazi ni ngumu kama sakafu. Bi Mwanahawa alikaa kwenye kigoda chake, tasbihi mkononi, midomo haisogei. Siku ya nne, Sabrina alipokuwa ananawa, mama mkwe alisema bila kumtazama:

"Kwangu walikuwa arobaini."

Sabrina akanyanyua kichwa.

"Walikufa wote kwa wiki mbili. Hawa sita ndio walibaki, nikawakimbiza. Nilidhani mjini kuna dawa. Huku mna madaktari, mna maofisi makubwa, wakubwa wote wa nchi wako huku. Nikasema, nikiwafikisha kwa mama Ikram watapona."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungewapokea?"

Sabrina alijua asingewapokea.

"Ulipowapeleka stoo nikajua umegundua. Nikaona aibu. Nikawafungua ili uone ni wazima. Na mimi pia nione."

Hasira aliyokuwa ameibeba tangu Jumanne ile Sabrina aliitafuta, akaikuta haina pa kukaa. Mbele yake alikuwa mwanamke mzee aliyefiwa na kuku arobaini, kisha na hawa. Alitegemea angalau awe na mtu wa kumlaumu. Hata huyo hakumpata.

Kufikia Ijumaa alikuwa amebaki mtetea mmoja tu wa ukoo wa mama yake. Maradhi yalikuwa yamemshika shingo, imepinda hadi jicho moja linatazama juu. Alikuwa na njaa. Alidonoa, mdomo ukapiga hewa. Alidonoa tena, ukapiga mchanga, mbali na punje. Sabrina alichuchumaa akaisogeza punje karibu zaidi. Mtetea akakosa.

Bi Mwanahawa aliinuka kwenye kigoda, magoti yakilalamika, akachuchumaa upande wa pili, akaisogeza naye kwa kidole. Mtetea akakosa tena.