Bahari ya Neno Moja

Saa moja na nusu asubuhi Kiema alikuwa amepiga magoti mbele ya stesheni ya Kibwezi, akikagua soli za viatu vya wageni. Mawe ya huko walikokuwa wakienda hukata kiatu cha mjini kama wembe ukatavyo papai, na Bwana Tomsett, mwenye kampuni ya kutembeza watu, alikuwa amemwambia wazi: mgeni akirudi peku, mwongozaji naye atarudi kwao peku.

Wageni siku hiyo walikuwa watano. Kapteni Brett, mstaafu wa vita, mwenye fimbo yenye ncha ya chuma. Ndugu wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili na waliokuwa hawasemezani. Mwalimu mmoja wa kike aliyeogopa siafu. Na Bibi Hallam, mwenye kofia pana kama ungo na daftari la ngozi kwapani. Soli za Bibi Hallam, Kiema alizikagua mara mbili. Alikuwa amesikia kwamba huyo ndiye anayekusanya majina ya ramani mpya, na kwamba Jumatatu ramani inapelekwa kwa wapiga chapa. Leo ilikuwa Jumamosi.

Lori likawafikisha ufukoni saa tatu. Bahari ilikuwa pale pale kama kawaida, maili kumi na moja kutoka kwenye reli, ikinguruma.

Habari za bahari hiyo ni fupi. Miaka minne nyuma, mwaka wa arobaini na saba, haikuwepo. Palikuwa na uwanda wa mawe meusi ambayo mlima ulitapika zamani, kabla ya babu wa babu, na katikati ya uwanda palikuwa na kilima cha majani kilichoitwa Kwa Nzomo. Nzomo alikuwa babu yake Kiema. Jina lenyewe lilikuwa na mwenyewe ndani yake, mtu hakuhitaji kuuliza.

Lakini Bwana Mpima, Mzungu aliyetumwa na serikali kupima ardhi, aliuliza. Aliitisha baraza, akakaa chini ya mwavuli, akanyoosha fimbo kuelekea chini ya kilima, kwenye nyasi, akasema, "Hapa ni pa nani?" Kiema ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa kuwa alikuwa amesoma misheni huko Mbooni mpaka Kizungu kikamkubali. Aliyejibu ni Mzee Kilonzo, ndugu ya baba yake. Sasa, Mkamba mwenye akili hasimami mbele ya mtu mwenye penseli akaanza kujitangazia mali. Ng'ombe akihesabiwa hufa, na shamba likisifiwa huitiwa jicho. Tena fimbo ilikuwa imeelekezwa kwenye nyasi. Kwa hiyo mzee alijibu kwa heshima na kwa ukweli: "Hapo ni weu."

Weu ni malisho ya watu wote. Juu ya weu pana ng'undu, yaani shamba lenye mwenyewe, lililolimwa na babu na ambalo babu amezikwa ndani yake. Mtoto wa Kikamba anayeanza kutambaa anajua kwamba penye weu chini pana ng'undu ya mtu juu, kama vile penye kizingiti pana nyumba. Kuyaeleza hayo yote kwa Kizungu kungechukua muda mpaka alasiri. Kiema akafungua mdomo aanze.

"Neno moja, Kiema!" Bwana Mpima akafoka. "Nina vilima kumi na vinne kabla ya chai!"

Jua lilikuwa kali. Kiema akampa neno moja.

"Tupu," alisema.

Bwana Mpima akaandika tupu. Miji arobaini, kila mji boma la mtu na wake zake, ikapewa wiki tatu ishuke. Siku mbuzi wa mwisho aliposhushwa, maji yalianza kutoka katikati ya mawe, ya chumvi, na kufikia Alhamisi yalikuwa yamekizunguka kilima chote. Paliposemwa hapana kitu, maji yaliona nafasi. Abubakar, mwenye duka Kibwezi, ambaye babu yake alitoka pwani, aliitwa aje ayaonje. Alionja, akatema, akasema, "Hii ni ya kwetu, Mombasa. Imepotea njia." Akaajiriwa kuwa nahodha. Samaki walitupwa ufukoni, Wakamba wakawatazama, wakasema hao ni nyoka wenye haraka, wakawaacha. Maji yote hayo, na mahindi ya watu waliohamishwa yalikauka pembeni yake mwaka baada ya mwaka.

Watu hao sasa walikaa hapo hapo ufukoni, kwenye vibanda, na kila Jumamosi walitoka kumuaga Kiema. Aliyetangulia ni Kalondu, binti ya Mzee Kilonzo.

"Neno Moja!" aliita. "Leo umeleta wangapi wa kumkanyagia mamako uwanja?"

"Watano," alisema Kiema.

"Aa! Hiyo hesabu unaijua. Ile ya miji arobaini ndiyo ilikushinda."

"Wanasema nini?" aliuliza Bibi Hallam.

"Wanatutakia safari njema," Kiema akatafsiri.

"Tafsiri mate pia!" Kalondu akasema, akatema. Yalitua karibu na kiatu cha Kapteni, ambaye alitazama juu kuona kama kuna mawingu.

Walipanda chombo cha Abubakar, kilichoelea juu ya mapipa kumi na mawili ya lami. Abubakar hakupenda wageni, wageni hawakupenda Abubakar, na maji hayakumpenda mtu yeyote. Walizunguka kisiwa kwa muda wa saa nzima. Kiema akaonyesha upande wa mawe yaliyoviringika kama kamba, akaonyesha pango la popo, akasema miaka na vipimo kama alivyofundishwa. Halafu wakashuka na kuanza kupanda. Joto la mawe liliingia kwenye viatu. Mwalimu aliona siafu. Wale ndugu walianza kusemezana, ili wagombane.

Kituo cha tatu cha matembezi kiliitwa Moshi wa Volkeno. Wageni walikipenda kuliko vyote. Moshi mwembamba ulipanda kutoka katikati ya nyasi, saa sita kasoro robo kila Jumamosi, na wageni wakapiga makofi.

Ulikuwa moshi wa mama yake Kiema, Syokau, akipika isyo, mahindi na maharagwe. Yeye alikataa kushuka. Aliwaambia askari kwamba alipoolewa aliletwa mlimani kwa miguu yake, na hashuki ila kwa migongo ya watu. Askari walimtafuta ili wambebe, wakapekua kila nyumba, hawakumwona, kwa sababu karatasi ilikuwa imeshasema tupu. Tangu hapo mtu aliyepanda na kibali aliona nyasi tu. Kiema aliona kila kitu: nyumba, ghala, kinu, jiko la mawe matatu. Kitovu chake kilizikwa pale, na kitovu hakisomi kibali.

"Mkalimani amekuja," alisema Syokau bila kuinua kichwa. Alikuwa hajamwita jina lake miaka minne.

"Mwaitu, mama yangu, umeamkaje?"

"Nimeamka tupu."

Kapteni Brett alikalia kinu cha Syokau, akasema hilo ni jiwe zuri, akakung'utia kiko chake ndani ya kibuyu cha maji. Syokau alichukua mwiko, akampiga nao mgongoni mara mbili.

"Mbung'o," alisema Kapteni, akijikuna. "Mbung'o wa huku wana mikono."

"Mwambie ainuke," Syokau alisema.

"Kapteni, tafadhali, jiwe hilo lina joto la volkeno."

Kapteni akainuka. Syokau akamwaga maji yaliyochafuka, kibuyu kizima. Mlimani hapakuwa na chemchemi. Maji hayo aliyakinga kwenye mwamba tangu mvua ya Aprili.

"Yule mwenye daftari," alisema, "ndiye?"

"Ndiye, mwaitu. Jumatatu inachapwa. Ikishachapwa hivi, basi."

"Basi simama pale kwa babu yako, ulimalize lile neno ulilolikata. Wewe ndiwe ulilikata. Mimi nikisema, yeye atasikia upepo."

Kiema aligusa kofia yake kichwani. Ilikuwa ya kahawia, yenye bamba la shaba la kampuni, na ndiyo iliyomruhusu kupanda kilima. Bila kofia asingepanda tena, wala asingemwona mama yake tena. Aliivua, akaishika mkononi, akaenda kusimama kwenye rundo la mawe alipolala Nzomo. Wageni walidhani ni kituo cha nne.

"Bibi," alisema. "Hapa si tupu. Mimi ndiye niliyesema tupu, na nilisema uongo kwa sababu ya haraka. Hapa ni ng'undu."

Akaeleza. Alieleza weu ni nini na ng'undu ni nini. Akataja miji arobaini, mmoja mmoja, kwa majina ya wenyewe na ya wake zao. Alionyesha ghala liko wapi, na kwamba mwalimu alikuwa amesimama juu ya majivu ya jiko. Alisema mama yake yuko hapo, mbele yao, ameshika mwiko. Alieleza kwa robo saa. Kapteni alitazama saa yake mara tatu. Lakini Bibi Hallam alisikiliza kwa macho yenye huruma, hakumkatiza hata kidogo, na alipomaliza akafungua daftari.

"Rudia lile neno," alisema.

"Ng'undu."

"Ngu-ndu." Alilijaribu mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi. "Linapendeza sana." Akaliandika.

Syokau alisogea, akainama juu ya bega lake kutazama daftari. Hakujua kusoma.

"Ameandika?"

"Ameandika."

"Ng'undu yenyewe?"

"Yenyewe, mwaitu."

Mama alirudi ndani ya nyumba, akatoka na kibuyu kidogo alichokuwa amekificha, maji ya mwisho. Akanywa kidogo, akampulizia mwanawe maji kifuani kwa midomo, kama mzazi anavyobariki, halafu akampa kibuyu. "Kunywa, Kiema," alisema. Kiema akanywa mpaka chini. Mwalimu alimwona mwongozaji amesimama juani ananyanyua mkono mtupu na kumeza, na kifua cha shati lake kimelowa. Akaandika kwenye shajara yake kwamba wenyeji hutoa jasho sana.

Waliposhuka, maji yalikuwa yanarudi nyuma. Mawe meusi yalianza kutokea, hatua ishirini, hatua hamsini. Ng'ambo watu walikuwa wamesimama wote. Kalondu alikuwa ameshafunga mkeka wake na sufuria mgongoni. Mzee Kilonzo alikuwa ameshika mbuzi kwa kamba.

"Umewaambia?" Kalondu aliuliza walipovuka, na kwa mara ya kwanza hakumwita Neno Moja.

"Nimewaambia yote. Imeandikwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Abubakar peke yake ndiye aliyebaki kwenye chombo chake, akivuta sigara.

"Abu, mbona husherehekei?" Kiema alimwuliza.

"Ndugu yangu," alisema Abubakar, "hayo ni maji kupwa. Hufanya hivyo kila siku."

Saa kumi na mbili jioni maji yalijaa tena mpaka pale pale yalipokuwa asubuhi. Kalondu akafungua mkeka wake, akautandika.

Kiema alingoja Bwana Tomsett amfukuze. Bwana Tomsett alimwita, akamkaribisha kiti, akampongeza: Bibi Hallam alikuwa ameandika barua ya kurasa mbili kumsifu mwongozaji mwenye hadithi tamu. Akapewa kofia mpya, yenye bamba kubwa zaidi.

Mwezi wa kumi, ramani ilipotoka, mafundi wawili waliletwa ufukoni kusimamisha ubao mweupe wenye maandishi meusi. Wakauchimbia, wakaondoka. Watu wote wa vibanda walikuja kuutazama. Mzee Kilonzo alitembeza kidole juu ya herufi, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akageuka.

"Inasema nini, Kiema?"

Kalondu naye alisogea karibu. Nyuma yao wageni wapya watano walikuwa wanaingia chomboni, na Abubakar alikuwa anawaambia wasikalie kamba.

Kiema aliusoma ubao mara mbili: NGUNDU ISLAND. UNINHABITED. Safari hii hakuna aliyemharakisha, naye hakukata kitu.

"Inasema: Kisiwa cha shamba lenye mwenyewe, alilolima babu na alimozikwa. Hakuna mtu."

Mzee Kilonzo alifikiri.

"Kwa Kizungu ni maneno mangapi?"

"Matatu, baba."

"Si haba," alisema Kalondu. "Alianzia moja."

Wakarudi vibandani. Kiema akavaa kofia, akapiga magoti, akakagua soli za wageni moja moja, kisha akapanda chomboni. Saa sita kasoro robo moshi ulipanda Kwa Nzomo, na wageni wakapiga makofi.