Mita Arobaini na Mbili

Nimefanya kazi katika kampuni kubwa ya simu kwa miaka kumi na moja. Mtu akiniuliza kama ni kazi nzuri humjibu kwamba ni nzuri sana, kisha humwambia akae kitako, maana jibu halijaisha. Binti yangu Asih alizaliwa kwa upasuaji katika hospitali ya Semarang, na kampuni ililipa kila kitu hadi uji. Kwetu milimani Wonosobo, ukitokea harusini na sare yetu ya buluu, huketishwa mbele pamoja na wazee. Hayo siyakatai. Lakini kampuni hiyohiyo hunipigia simu siku ya Idi nikiwa mjini kwa mama mkwe, nimepiga magoti mbele yake kumwomba msamaha kama ilivyo desturi. Na bosi akiamka vibaya, anaweza kukuhamishia kisiwa ambacho hata mwalimu wa jiografia hana hakika nacho.

Kazi yangu mimi ni saini. Kabla mnara haujajengwa, kila kaya iliyo ndani ya umbali ulio sawa na urefu wa mnara lazima ikubali kwa maandishi, kwa sababu ukianguka, huko ndiko utakakofika. Mnara wa bonde letu ulikuwa wa mita arobaini na mbili, na tuliungojea kwa miaka. Aliyetaka kupiga simu alipanda mpaka makaburini ndipo apate mtandao. Mfanyakazi wa kampuni ya simu, na nyumbani kwangu simu haishiki. Majirani walinitania mpaka wakachoka wenyewe.

Vijana wa vipimo walikuja, wakavuta utepe wao, wakanipa orodha ya kaya kumi na saba. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikibeba sukari na majani ya chai, nikasikiliza habari za magoti na wakwe, na wiki mbili baadaye nilikuwa na saini zote. Pak Wiratno, yaani Bwana Wiratno, bosi wangu wa mkoa, alinipigia mwenyewe ofisini kunipongeza. Msingi ungechimbwa Ijumaa, kabla robo ya mwaka haijafungwa, na cheo cha usimamizi wa wilaya kilikuwa changu. Kwangu cheo hicho kilikuwa na maana moja tu: msimamizi wa wilaya hahamishwi. Ningebaki na mume wangu Pramono, anayefundisha shule ya kijijini, na ningemwona Asih akikua. Nilifurahi hadi nikanunua viatu.

Jumanne nilipita kwa Mbah Sumirah, bibi mjane anayeishi chini ya shamba la viazi. Yeye hakuwemo kwenye orodha. Nilimsalimu, akageuza uso akaendelea kuanua nguo. Bibi yule alikuwa hajawahi kuninunia tangu nilipoolewa kijijini. Nikasimama uani kwake nikijiuliza nimemkosea nini, nikainua macho, nikaona vigingi vya mnara pale juu, karibu kabisa.

Nilielewa papo hapo, na nilitamani nisingeelewa. Wale vijana walikuwa wameulaza utepe juu ya mteremko. Ulisoma mita arobaini na tatu na nusu, ndiyo, lakini hiyo ni njia ya mtu anayetembea. Mnara ukianguka haufuati njia ya miguu. Nilimchukua Pramono, mianzi miwili, na ule mpira wa maji ambao waashi hutumia kusawazisha kuta, tukapima umbali ulionyooka, tuta kwa tuta, bila kufuata mteremko, kama inavyotakiwa. Tulipata mita arobaini. Tukarudia, zikawa arobaini.

Hakuna aliyejua ila sisi wawili, na sitadanganya, nilifikiria kunyamaza. Jumatano nzima nilifikiria. Minara haianguki kila siku, nilijiambia, na bibi mwenyewe hajalalamika. Kisha nikamkumbuka akianua nguo huku amenipa mgongo, nikajionea aibu. Nikapanda makaburini nikampigia Pak Wiratno, nikamweleza yote.

“Orodha ina kaya ngapi, Wening?” aliniuliza.

“Kumi na saba, Pak.”

“Na saini?”

“Kumi na saba.”

“Basi tumemaliza. Usiniletee ya kumi na nane.”

“Nyumba ipo, Pak. Sikuijenga mimi.”

“Ofisi ya Tual wananiomba mtu kila wiki,” akasema. “Nimekuwa nikiwaambia wewe una mtoto mdogo.”

Akakata. Tual iko mashariki kabisa, siku mbili za ndege na meli. Nikakaa juu ya ukuta wa makaburi.

Ijumaa asubuhi kijiji kizima kilikuwa kwenye kiwanja. Mkeka umetandikwa, wali wa manjano umesimamishwa mithili ya mlima, kuku wameuzunguka, na katapila linangoja dua iishe. Pak Wiratno alikuwa ameketi karibu na mkuu wa kijiji, shati jipya. Sasa, kampuni yetu ina kitabu cha usalama chenye kurasa mia mbili, nami nimekilaani kwa miaka kumi na moja. Lakini ukurasa wa tisa unasema kila mfanyakazi, hata mfagizi, akiona hatari anaweza kutoa kadi nyekundu, na ikishatolewa kazi husimama siku saba mpaka vipimo virudiwe, bosi apende asipende. Kampuni ndogo haina ukurasa kama huo. Nilisimama nikaitoa kadi, nikasema kwa sauti kwamba nyumba ya Mbah Sumirah imo ndani, na kwamba tumekosea kupima.

Pak Wiratno aliitazama kadi, kisha mimi. Dereva wa katapila alizima injini.

“Kumbe!” mtu mmoja akasema nyuma. “Watu wanarusha sauti hadi Maka, kuvuta utepe wanashindwa.”

Kicheko kikapita mkekani. Nilikwenda hadi kwa Mbah Sumirah, nikachutama mbele yake, nikamwomba radhi, nikamwambia ana haki ya kukataa.

“Mara tatu mmepita langoni kwangu na sukari,” alisema. “Nikasema moyoni, labda wananiona nimeshakufa.”

“Kosa ni letu, Mbah.”

“Mnara siuogopi, mwanangu. Nimeishi miaka sabini na mitatu chini ya mlima unaotoa moshi. Nilitaka kuulizwa tu.”

Akatia dole gumba kwenye fomu pale pale. Mkuu wa kijiji akakata kilele cha wali, ambacho hupewa mgeni wa heshima na kwa mpango kilikuwa cha Pak Wiratno, akampa bibi. Pak Wiratno alipewa sehemu ya pembeni, akala.

Lakini siku saba ni siku saba. Wapimaji wengine walikuja, wakapata mita arobaini kama sisi, na kampuni ikaagizwa kuongeza kina cha msingi upande wa bibi. Robo ya mwaka ilifungwa bila mnara wetu. Wiki iliyofuata barua yangu ikaja, mistari minne, kwa mahitaji ya kampuni, Tual, miaka miwili. Nililia bafuni, maji yakiwa wazi ili Asih asisikie. Pramono aliniuliza kama ninajuta. Nilimwambia kuondoka kunaniuma, ila kadi ile ningeitoa tena kesho.

Tual watu wananiheshimu, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimeshawarudisha wapimaji wa huko kupima upya mara mbili. Jumapili moja simu iliita, namba ya nyumbani. Alikuwa Asih, akiwa jikoni kwetu, si makaburini. Mnara umewashwa, alisema, na hata kuku wa Mbah Sumirah wanasikika. Akanisimulia shule, akanisimulia jino lililong'oka, kisha akauliza narudi lini.

Nilimwambia ukweli, kwamba bado mwaka mmoja na miezi minane.

Laini ilikuwa safi mno, nikamsikia akijizuia kulia.