Tafsiri ya Swali la Mageni

"Jina lake sijalisikia," Mageni aliniambia kwa Kisukuma, akiwa bado amesimama. "Umesema maneno mengi, lakini Luka sijamsikia humo."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Watu wapatao mia tatu walikuwa wameketi chini ya turubai lililokodiwa Runzewe, na mheshimiwa mbunge alikuwa akimtazama Mageni kwa tabasamu la mtu aliyetoka kushukuriwa. Alikuwa ameshukuriwa kweli, ila si na Mageni. Shukrani zile nilizitunga mimi.

Ilikuwa Machi, mwaka 2022. Mheshimiwa Shadya alikuwa mbunge wa viti maalumu, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini ambao nyumbani kwao walizungumza Kiswahili tu. Alikuja kutupa taarifa: nini kimefanyika tangu Uviko, na nini kitafuata masika yakiisha. Wazee wetu wengi Kiswahili wanakisikia nusunusu, ndiyo maana Deusdedit, mtendaji wa kijiji, alinifuata darasani asubuhi ile.

"Mwalimu Agatha, leo utatutafsiria," alisema. "Mheshimiwa amekuja na mambo mazuri. Watu wakianza kulalamika, wewe punguza makali. Na lile suala lako la uhamisho nimeshamdokeza."

Mume wangu, Raphael, alikuwa anafundisha Chato, na binti yetu wa miaka mitatu alikuwa akiishi naye huko. Mimi nilikuwa nawaona wakati wa likizo. Barua yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa imeingia mwaka wa tatu bila kujibiwa. Nikamwambia Deusdedit sawa.

Mbunge alisoma vizuri, bila haraka, akinisubiri kila baada ya sentensi. Alisema kuhusu madarasa mawili yaliyojengwa kwa fedha za Uviko, ambayo rangi yake ilikuwa bado inanukia nyuma yetu. Alisema kuhusu mikopo ya vikundi vya akina mama, na kisima kitakachochimbwa karibu na mnada. Watu walipiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga, maana madarasa yalikuwepo kila mtu akiyaona. Kisha akafika kwenye zahanati.

"Katika wimbi lile la mwaka jana," alisoma, "zahanati hii ilikuwa na mashine ya oksijeni. Hakuna mwananchi wa hapa aliyepoteza maisha kwa kukosa hewa."

Nilitafsiri neno kwa neno. Makofi hayakuja.

Mashine ile niliijua. Nilikuwa katibu wa kamati ya afya ya kijiji, na iliposhushwa mwezi Julai nilikuwepo. Nilikuwepo pia tulipogundua kwamba umeme wa jua wa zahanati unatosha taa tatu na friji ya chanjo, basi. Kamati ikaamua sanduku likae stoo mpaka nguzo za umeme zitufikie. Kumbukumbu za kikao hicho ziko kwa mwandiko wangu.

Wiki sita baadaye akaletwa Luka, mtoto pekee wa kiume wa Mageni. Alikuwa akifanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, kijana mwenye mabega mapana, na siku ile alikuja kwenye pikipiki akiwa amebanwa katikati ya wenzake wawili ili asianguke. Vitanda vyote viwili vilikuwa na watu, hivyo nesi Febronia akamlaza kwenye benchi. Gari la wagonjwa likaitwa. Mageni mwenyewe alimpepea kwa khanga mpaka alasiri, na gari lilipofika halikuwa tena na mgonjwa wa kubeba. Wengine walisema ni vumbi la karasha, wengine nimonia. Kati ya benchi lile na stoo kulikuwa na ukuta wa tofali moja.

Basi pale mkutanoni, makofi yaliposhindwa kuja, Mageni ndiye aliyesimama. Aliuliza taratibu, kama mtu aliyelipanga swali lake tangu nyumbani.

"Mwulize mgeni wetu. Hiyo mashine ilikuwa wapi siku mwanangu Luka alipokuwa akitafuta pumzi pale kwenye benchi?"

Deusdedit alinitazama. Nikamgeukia mbunge.

"Mama anashukuru kwa mashine ya zahanati," nilisema. "Anaomba iendelee kutunzwa."

"Mwambie nimefurahi sana. Na nampongeza kwa kuja licha ya umri wake."

Vijana waliokaa nyuma, wanaojua lugha zote mbili, waliinamisha vichwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa Mageni jibu la swali ambalo hakuuliza, ndipo aliposema lile la jina. Hakuhitaji kujua Kiswahili ili anikamate. Luka ni Luka kwa lugha yoyote.

Ningeweza kumwambia kwamba jina nililitaja, hakusikia tu kwa sababu ya spika. Lakini nilipomtazama niliona hajakasirika. Alikuwa ananisubiri, akidhani labda nimesahau. Hilo ndilo lililonishinda.

"Mheshimiwa," nilisema, "naomba unisamehe. Sikutafsiri alichosema."

Nikalirudia swali lote, na benchi, na Luka. Kisha nikaongeza yangu: kwamba mashine iko stoo, haijawahi kuwashwa hata siku moja, na kikao kilichoiweka huko mimi nilikuwa katibu wake. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikiwa kubwa kuliko nilivyotaka.

Mheshimiwa Shadya alivua miwani. Alitazama karatasi yake kidogo, akaikunja, kisha akamwuliza Mageni mwenyewe, kwa Kiswahili, "Mwanao aliitwa nani, mama?"

Mageni alielewa bila mimi. "Luka," akajibu.

"Stoo iko wapi?"

Tulikwenda wanne: mbunge, Febronia na funguo zake, Mageni na mimi. Deusdedit alibaki na watu. Sanduku lilikuwa juu ya marobota ya vyandarua, plastiki yake haijachanwa. Mbunge aliuliza kama tuliwahi kuomba jenereta. Febronia akasema hapana, tulikuwa tunasubiri nguzo.

Mageni aliliangalia sanduku kwa muda mrefu.

"Kitu chenyewe ni hiki?" aliniuliza.

"Ndiyo, mayu." Ndivyo tunavyomwita mama.

"Kidogo hivi," akasema.

Kabla ya kupanda gari, mbunge aliniita pembeni. Hakuwa na hasira. "Mwalimu, ile tafsiri yako ya kwanza ningeiandika kwenye taarifa ijayo," alisema. "Ningekwenda kuisoma Dodoma." Suala la uhamisho hakuligusa, nami sikuligusa.

Jenereta ndogo ililetwa mwezi Mei. Juni, mtoto mchanga wa Bhoke, mke wa fundi baiskeli, alikaa siku mbili kwenye mashine ile, na akarudi nyumbani mgongoni mwa mama yake. Taarifa ya mbunge ilipochapishwa niliitafuta, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Ile sentensi ya kukosa hewa ilikuwa imeondolewa. Mahali pake hapakuwekwa kitu. Uhamisho wangu ulikuja miaka miwili baadaye, kwa njia ya kawaida, binti yangu akiwa tayari anajua kuandika jina lake.

Lakini alasiri ile ya mkutano, watu walipotawanyika, nilimsindikiza Mageni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, nikawa nayatafutia mahali pa kuanzia. Tulivuka mfereji, tukapita mashamba ya pamba, na yeye ndiye aliyeanza.

"Kiswahili chako ni kizuri," alisema. "Ulijifunzia wapi?"

"Shuleni, mayu."

Akatembea hatua kadhaa akilifikiria hilo.

"Luka aliishia darasa la nne, akaingia karashani," akasema, kisha akashika njia ya kwao.