Msumari Mtupu wa Orval

Orval Lindqvist alikuwa ameagwa mara nyingi kuliko watu wote waliowahi kuondoka katika hifadhi ile, ukijumlisha na waliofariki.

Alipostaafu ufundi wa majiko ya kupashia nyumba joto huko Nebraska, wenzake walimpa saa ya ukutani wakamwambia akapumzike. Akapumzika msimu mmoja wa baridi. Kufika mwezi wa tano alikuwa ametengeneza kila kitu cha nyumbani, hata vile vilivyokuwa vizima, na mkewe Ardis akaanza kumwonea huruma, au labda alijionea huruma mwenyewe. Ndipo wakanunua trela kuukuu la kulala, wakalifunga nyuma ya gari, wakapanda nalo milima ya Wyoming, na Orval akaajiriwa askari wa msimu katika hifadhi ya wanyama ya huko. Kazi ilianza theluji ikiyeyuka na kwisha theluji ikianza kuanguka tena.

Haikuwa kazi ya bunduki. Orval alisimama mwanzo wa njia na kofia yake ya ukingo mpana, akawaambia wageni wasimkumbatie nyati kwa ajili ya picha, chakula wakifungie kwenye kasha la chuma dubu asije akakipata, na choo kiko nyuma ya ule mti mkubwa. Jioni aliwasha moto akawasimulia habari za wanyama. Mshahara ulitosha mafuta ya gari na dawa ya kuchua goti, naye alijiona tajiri.

Mwisho wa kila msimu wafanyakazi walifanya karamu nyuma ya mabweni yao, kila mmoja akaja na bakuli lake. Mwaka wa kwanza Orval alisimama, akavua kofia, akasema kile kilikuwa kiangazi chake cha kwanza na cha mwisho, kwa sababu mkewe anahitaji kukaa kwake. Watu wakalia. Palikuwa na keki, na fimbo ya kutembelea iliyochongwa kichwa cha dubu, na kitambaa kirefu ukutani kilichoandikwa KWAHERI ORVAL. Mwezi wa tano uliofuata trela likaonekana linavuka daraja, Ardis akipunga mkono dirishani.

Mwaka wa pili akaaga tena, wakampa blanketi. Wa tatu, kikombe. Wa nne kitambaa hawakukishona upya. Kilitolewa kwenye kabati la mifagio, kikatundikwa, kikarudishwa kabatini. Baadaye keki nayo ikakoma, na kitambaa kikahamia kwenye kuni kuzikinga na mvua, mtu akipita akaona HERI ORVAL tu, kwa sababu upande wa mbele panya walikwisha kuula.

Usidhani alikuwa mwongo. Hilo ndilo watu hawakumwelewa. Kila alipoaga aliamini mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Shida ni kwamba kila ulipofika mwezi wa pili simu ililia jikoni Nebraska, na Janelle Kettering, mkuu wa askari wa upande ule, akasema, "Orval, sina mtu wa njia ya ziwani." Basi Orval akamtazama Ardis kwa jicho la mbwa aliyeona mtu anavaa viatu, na Ardis akasema, "Haya, nenda kaangalie magurudumu ya trela."

Na Ardis alikuwa na jambo lake moja tu, nalo lilikuwa nyanya. Nyuma ya nyumba yao alikuwa na bustani ya udongo mweusi aliyourutubisha kwa mikono yake tangu ujana. Lakini tangu mambo ya milimani yaanze, hakuwahi kuchuma nyanya pale. Waliondoka mche ukiwa mchanga, wakarudi baridi imeshaua kila kitu. Huko hifadhini alikula nyanya za duka, alizosema zina ladha ya maji ya kuoshea vyombo.

"Kiangazi kimoja tu, Orval," alikuwa akisema. "Nile nyanya yangu ikiwa na joto la jua, halafu unipeleke unakotaka."

"Mwakani, mpenzi."

Na mwakani ikafika, na nyingine, na nyingine.

Lililombadilisha Orval halikuwa goti, ingawa goti lilishasema yote liliyokuwa nayo. Ilikuwa siku moja ya mwezi wa nane. Alirudi kutoka kazini mchana bila kutegemewa akamkuta Ardis amekaa kwenye ngazi ya trela, ameshika nyanya ya duka mkononi. Ameinyunyizia chumvi. Akafumba macho, akaing'ata taratibu, akatafuna huku uso ameuelekeza juani, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akafumbua macho, akaiangalia ile nyanya, akaitupa kwenye pipa.

Orval akarudi nyuma ya gari asionekane. Siku ile aliamua. Na kwa mara ya kwanza aliamua kimya kimya, bila karamu wala kofia mkononi.

Usiku wakati wa kula akamwambia, "Ardis, mwakani tutakuwa nyumbani."

"Haya, mpenzi," akasema Ardis, kwa ile sauti ya kumkubalia mgonjwa wa homa. Simu yake ikalia mlio mfupi. Akaisoma, akacheka kidogo puani, akaifunika kwa kitambaa cha meza.

"Nani?"

"Delmar." Delmar alikuwa jirani yao wa Nebraska. "Anasema mvua imenyesha."

Sasa, kama kuna mtu aliyetaka kumjaribu Orval, asingepata njia bora kuliko ile ya Janelle. Miaka yote Orval aliegesha trela lake karibu na mapipa ya taka, mahali ambapo dubu walipita kumjulia hali. Kiwanja kizuri kilikuwa kimoja tu, kando ya kijito, chini ya misonobari, chenye umeme usiokatika ukichemsha chai. Kilikuwa cha bibi mmoja aitwaye Gudrun, aliyekaa pale mpaka watu wakadhani alikuja na milima. Kiangazi kile Gudrun alihamia kwa binti yake Arizona. Na kiwanja kwa desturi ya pale kilimwendea mfanyakazi wa msimu aliyekaa miaka mingi zaidi.

Janelle, mkononi ana kibao cha mbao kilichochongwa LINDQVIST, alimkuta Orval anafagia njia.

"Nimekuchongea mwenyewe," alisema. "Kinakaa kwenye nguzo ya Gudrun kuanzia leo. Mwakani ni pako."

Orval alikitazama kibao. Herufi zilikuwa zimepakwa rangi ya manjano. Alitamani kukishika. "Janelle, mwakani sitakuwepo."

"Najua," akasema Janelle, akaenda kukipigilia.

Kwenye karamu ya mwaka ule Orval alisimama kama kawaida. Hakuvua kofia, akidhani hilo litawaonyesha kuwa mambo ni tofauti. "Jamani," akaanza, "nataka kuwaambia kwamba hiki—"

"—ndicho kiangazi changu cha mwisho," wakamalizia wote kwa pamoja, na waliokuwa jikoni nao, hata wapya waliofika mwezi wa sita.

"Safari hii ni kweli."

"Orval, kaa ule, viazi vinapoa," akasema Eloy Pacheco. Eloy alikuwa mstaafu mwenzake, dereva wa gari la zimamoto kutoka New Mexico, na ndiye aliyemfuata kwa miaka ya kazi. "Hata nyati wanajua utarudi. Jana mmoja ameniuliza utafika tarehe ngapi."

"Nimemwahidi Ardis."

"Sote tumemwahidi Ardis. Mimi mwenyewe nilimwahidi pilipili mwaka juzi. Ardis, umezipata?"

"Bado," akasema Ardis kutoka mwisho wa meza, na watu wakacheka.

Orval akamgeukia. "Waambie basi."

"Niwaambie nini, mume wangu? Kula."

Akala. Hapakuwa na keki.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kurudisha funguo, na hapa lazima nikwambie habari ya msumari. Ofisini kwa Janelle palikuwa na ubao uliopigiliwa misumari, kila ufunguo na msumari wake. Ukiondoka unatundika. Lakini wafanyakazi wa msimu wenye nia ya kurudi walikuwa na kijitabia chao, cha kubaki na ufunguo mmoja. Huutaji, huulizwi. Msumari unakaa mtupu baridi nzima, na Janelle akiupita anajua mtu wake yuko mahali anasubiri theluji iyeyuke. Wa Orval ulikuwa ufunguo wa kibanda cha doria cha juu ziwani. Kila mwaka alitundika nyingine zote, na Janelle akasema, "Wa kibanda?" na Orval akajipapasa mifukoni akasema, "Huenda umedondoka mahali," na Janelle akasema, "Huenda." Kisha ulikwenda Nebraska ukalala ndani ya kopo la kahawa.

Asubuhi ile Orval alitundika wa ghala. Akatundika wa choo. Akatundika wa kasha la dawa. Eloy alikuwa mlangoni anasubiri zamu yake, kikombe mkononi.

"Wa kibanda?" akauliza Janelle bila kuinua kichwa.

Orval akaingiza mkono mfuko wa shati, akautoa. Ulikuwa umelainika kwa kushikwa. Akautundika kwenye msumari wake, ukagongagonga ukuta kidogo, ukatulia.

Janelle aliinua kichwa. Aliangalia ubao, akamwangalia Orval, akaangalia ubao tena.

"Hapana," akasema polepole.

"Ndicho nilichokuwa nawaambia jana."

"Ulikuwa unasema kila mwaka."

"Leo sijasema kitu."

Janelle akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia, na alipomwachia macho yake yalikuwa mekundu. "Na hatukukupa hata keki," akasema. "Subiri." Akatoka nje mbio. Orval akabaki anautazama ubao. Hatimaye alikuwa ameaminiwa. Alisubiri miaka mingi kuonekana mtu wa kauli yake, na ilipofika ilikuwa tamu kweli, kwa muda kama wa kunywa chai.

Janelle alirudi na kibao cha LINDQVIST, misumari bado imetokeza nyuma. "Chukua. Ndiyo zawadi iliyokuwepo karibu." Akapangusa pua, akamgeukia Eloy. "Pacheco, kiwanja cha kijito ni chako."

"Wacha we," akasema Eloy. Akamshika Orval begani kwa huzuni ya kweli kabisa. "Mzee mwenzangu, hifadhi haitakuwa ile ile." Kisha akaenda kutundika funguo zake, zote isipokuwa mmoja, na Orval alipotoka alimwona ameshafika chini ya misonobari, anapima kwa hatua kama trela lake litaenea.

Ardis alikuwa amekaa garini, mkanda umefungwa. Orval akaweka kibao kwenye dashibodi, akawasha gari.

"Hicho kimetokaje kwenye nguzo?"

"Nimerudisha ufunguo wa kibanda."

Walipita mapipa ya taka, wakapita kuni zenye kitambaa. "Ufunguo wenyewe?" akauliza Ardis. "Wa kopo la kahawa?"

"Wenyewe. Mwakani unakula nyanya zako."

Ardis akaanza kukunja na kukunjua mkoba wake. "Orval, punguza mwendo nikwambie kitu. Bustani nimempa Delmar."

"Umempa vipi?"

"Aliniomba afugie kuku. Nikamwambia aitumie miaka mitatu. Ulitaka nifanye nini? Kila mwaka mwakani, mwakani. Ameshajenga banda. Ananiletea picha zao kwenye simu." Akauweka mkoba magotini. "Mimi nilikuwa nimeshapanga kuweka ndoo zangu pale kwa Gudrun. Pale kijitoni pana jua la asubuhi. Nyanya zinaota hata kwenye ndoo."

"Ardis, hairuhusiwi kupanda kitu hifadhini. Dubu."

"Najua. Nilikuwa na mpango wa kumwomba askari afumbe macho."

Orval alitazama kioo cha nyuma. Misonobari ilikuwa bado inaonekana, na chini yake kitu chekundu kinachosogea, nacho kilikuwa koti la Eloy. Akatazama mbele. "Delmar atahamisha kuku," akasema. "Nitaongea naye."

"Hutaweza. Wana majina."

"Basi tutachimba mahali pengine. Mbele ya nyumba. Tutang'oa majani."

Ardis alimgeukia, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama mkate kujua umeiva. Hakupata kumwona Orval akijitolea kung'oa majani yake ya mbele ya nyumba, aliyokuwa akiyakata kwa rula. "Kumbe umemaanisha," akasema.

"Nimemaanisha."

Langoni, kijana wa kibanda cha tiketi alifungua dirisha lake akaegemea nje. "Safari njema, Orval. Tuonane mwezi wa tano."

Orval akainua vidole vya kuaga. Lakini Ardis alimpitia mbele, mkono umeshika usukani, kichwa dirishani. "Hamtamwona," akasema. "Safari hii ni kweli. Amerudisha ufunguo."

"Haya, bibi," akasema kijana, kwa sauti ya kumkubalia mgonjwa wa homa, akainua kizuizi.

Ardis alirudi kwenye kiti chake, uso umemwiva kwa hasira. Gari likatoka langoni, trela likafuata likirukaruka. "Umeona huyo? Nimemwambia kabisa. Orval, geuza gari ukamwambie."

"Mpenzi," akasema Orval, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akatabasamu, "mimi nimewaambia miaka yote."