Mahekalu Tisa kwa Siku Moja

Mimi Sanong naendesha gari la watalii hapa Ayutthaya, mji wa magofu ya kale, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nasema wazi: wageni wa ng'ambo hawanisumbui. Mzungu unamwonyesha tofali bovu, anashukuru. Wanaonitoa jasho ni familia zetu wenyewe kutoka Bangkok, zinazokuja kuzuru mahekalu tisa kwa siku moja ili zipate bahati ya mwaka mzima. Tisa kamili. Ukizidisha umeharibu, ukipunguza umechoma mafuta bure.

Jumamosi ile nilimpakia Dada Rachanee, mwenye duka la vipodozi linaloyumba, pamoja na mumewe Thawat na binti yao Namfon. Kiti cha nyuma yangu alikaa mama yake Rachanee, Bibi Bunruen, miaka themanini na moja, mtoto wa jicho macho yote mawili. Rachanee alikuwa na orodha iliyochapwa na kutiwa kwenye plastiki. Kila hekalu dakika ishirini na tano.

Sijawasha gari, bibi akaniinamia begani.

"Mwanangu, tutapita kwa mume wangu?"

Majivu ya marehemu Mzee Chaluai yamo ndani ya ukuta wa hekalu dogo nyuma ya kiwanda cha barafu. Bibi hajafika huko miaka sita. Kumbe ndicho kilichomfanya akubali safari!

"Mama, hilo halimo," Rachanee akadakia. "Litakuwa la kumi. Na hekalu lenyewe lipi lile? Nani analijua? Baba hakimbii, tutakuja mwakani."

"Mwakani nitakuwa naye humo ukutani."

"Mama naye! Asubuhi yote hii maneno ya mikosi?"

Nikatia gia, nikafunga mdomo. Lakini iliniuma.

Hekalu la kwanza, Thawat akanunua ndoo ya sadaka: sabuni, dawa ya meno, maziwa ya kopo. Mtawa akaomba dua, ndoo ikapita mlango wa nyuma, na Thawat hajamaliza kuvaa viatu, ndoo ile ile imesharudi mezani kuuzwa. Nishaizoea, tunasalimiana. Hekalu la tatu wakainamia bakuli la maji kutafuta namba ya bahati nasibu kwenye nta ya mshumaa. Rachanee akaona arobaini na saba, mumewe akaona sabini na nne, wakagombana mpaka hekalu la nne. Sanamu zenyewe wala hawakuzitazama usoni.

"Bibi, cheka! Bibi, inua mikono!" Namfon na simu yake. "Aa, Bibi, umefumba macho tena!"

"Sijafumba, mjukuu wangu. Ndivyo yalivyo."

Mchana wakataka kamba wa mtoni, wale wakubwa wa kuchoma. Saa nzima na nusu. Kwa kamba, orodha haikuwa na dakika. Basi tulipotoka hekalu la nane jua lilishapoa, na la tisa tukamkuta mlinzi anatia mnyororo langoni. Rachanee akashika nondo.

"Kaka, dakika mbili tu, tupige picha!"

"Rudini kesho."

"Kesho haitakuwa siku moja!"

Akarudi garini machozi yanamlengalenga. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo, ingawa raha kidogo nayo niliiona.

"Dada," nikasema nikimtazama kwenye kioo, "moja nalijua, hawafungi mapema. Nyuma ya kiwanda cha barafu."

Thawat akakohoa.

"Linahesabika?" Rachanee akauliza.

"Hekalu ni hekalu."

Tulipofika, bibi alishuka kabla sijamfungulia mlango vizuri.

"Haya Mama, upesi upesi, jua linazama," Rachanee akasema, simu mkononi.

Bibi akamnyoshea mkono. "Nipeleke kwa baba yako. Mimi majina siyaoni."

Ukuta ule ni mrefu, vibao mamia, kila kimoja na picha na jina. Wakaenda hadi mwisho. Wakarudi. Wakazunguka upande wa pili. Nikamwona Rachanee anapunguza mwendo.

"Safu ya ngapi, Mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemweka?"

Lo! Nikatamani nisiwepo pale. Rachanee akausogelea ukuta. Akainama akaanza kusoma jina moja baada ya jingine, anafuta vumbi kwa kitambaa chake cha hariri. Saa hakuitazama tena. Thawat akaanzia katikati, mimi nikaanzia mwisho. Namfon ndiye aliyempata.

"Huyu hapa! Ana pua ya Mama!"

Kwenye chupa ya maua kulikuwa na kijiti kikavu na buibui. Bibi akaweka kiganja juu ya picha.

"Chaluai, nimekuja na Rachanee," akasema. "Alipotea njia kidogo."

Rachanee akapiga magoti kwenye kokoto, na suruali yake ile ya bei, akalia kama mtoto. Namfon aliinua simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Picha walizowatumia ndugu jioni ile zilikuwa nane. Mashangazi wakauliza sana: la tisa liko wapi, jamani, au bahati imeharibika? Rachanee hakuwajibu. Jumatatu alinipigia simu kuuliza kama Jumamosi gari lina nafasi, na kama pale kwenye kiwanda cha barafu kuna mtu anayeuza maua.