Ukingo wa Pezi

Dada huyu walimwita Msasa kwa sababu nguo zake hazikuisha vumbi la kusugulia. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuziba matangi ya maji ya fiba yaliyopasuka, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mapezi, yale yanayofungwa mkiani chini ya ubao wa kupandia mawimbi, ili ubao ushike maji usiteleze kama sabuni. Ya dukani aliyaona hayana roho. Alitengeneza yake mwenyewe: kitambaa cha fiba juu ya kitambaa, gundi katikati, pezi likikauka analikata kwa msumeno na kulisugua mpaka ling'ae.

Wa kuyajaribu alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani wote walimwita Kitinda. Mmoja anachonga, mwingine anapanda. Walikuwa chanda na pete.

Pezi jipya lilikuwa zuri, ila lilikuwa na kasoro moja.

"Linalia, dada," Kitinda alilalamika. "Nikishika kasi linavuma kama nyuki ndani ya kopo. Watu wananigeukia!"

Msasa alijua dawa yake. Ukingo wa nyuma ulikuwa mnene, maji yakiuacha yanatetemeka. Akaupunguza. Mlio ukashuka. Akaupunguza tena na tena, mpaka siku moja, akilifuta, likamchana kidole gumba. Alinyonya damu huku akilitazama. Ilitosha kupitisha msasa laini kidogo tu, makali yale yafe. Lakini je, mlio ukirudi? Uchu wa fundi ukamshinda. Alilifunga kwenye ubao lilivyo, akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata pezi halikulia. Kitinda alilikata wimbi kama mkasi kwenye kitambaa, na Msasa, aliyesimama kwenye maji ya magoti, akapiga vigelegele peke yake. Wimbi lililofuata likamwangusha kijana, ubao ukampindukia. Alipoibuka, maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu. Pezi lilikuwa limempasua juu ya kisigino, mpaka kwenye kano.

Msasa alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Hospitalini daktari aliuliza kimemkata nini. Kabla dada hajafungua mdomo, Kitinda alishajibu, "Mwamba, daktari."

Mwamba huo ndio uliomkaba Msasa kooni. Mama yao aliusimulia kwa kila jirani. "Bila huyu dada yake," alisema, "leo ningekuwa na msiba." Mezani alimwekea Msasa kipande kikubwa kuliko wote, na kila shukrani ilimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Alikula bila kushiba. Siku moja akalifungua lile pezi kwenye ubao, akalikata vipande vipande na kuvitupa pipani. Alidhani moyo utatua. Wapi!

Hatimaye yakamfika shingoni. Mama alikuwa sebuleni, amekipakata kisigino cha Kitinda akikikanda taratibu kama walivyofundishwa hospitalini.

"Mama," Msasa alisema akiwa amesimama mlangoni, "hapakuwa na mwamba. Ni pezi langu."

Mikono ya mama ikasimama. "Ulijua linakata?"

"Nilijua. Lilinikata mimi kwanza."

"Na bado ukamfungia mwanangu."

Alilitamka hilo "mwanangu" kana kwamba Msasa alizaliwa nyumba ya jirani.

"Mama, mwache," Kitinda aliingilia. "Niliyesema mwamba ni mimi. Dada, pezi lenyewe liko wapi?"

"Nimelikatakata. Nimelitupa."

Msasa alitegemea kuona uso wa kijana ukipoa. Badala yake ulikunjamana.

"Umelitupa? Bila kuniuliza?"

"Lilikuumiza, mdogo wangu."

"Aliyeniumiza ni wewe!" Sauti ilimkatika. "Ungeniambia lina makali, ningelipanda hivyo hivyo, unanijua. Ila ningejihadhari nikianguka. Hukuniambia. Na leo tena umeamua peke yako. Mimi ni nani kwako, dada? Ni mguu tu wa kujaribia?"

Siku zote hizo Msasa alikuwa akijuta kidonda, kumbe kosa lilikuwa ule ukimya wake, na akaona kwamba ameurudia hata katika kujuta. Aliomba radhi. Kitinda alitazama ukutani. Mama aliendelea kukanda mguu, na tangu hapo hakumsemesha Msasa tena.

Msasa akachonga pezi jingine, safari hii akiwa ameketi kando ya kitanda cha mdogo wake. Kila alipopunguza kidogo alimpa alipapase. "Hapa bado," alisema Kitinda, mwanzoni kwa kununa, baadaye kwa mazoea. Likiwa tayari, Msasa alilipanda mwenyewe, ingawa kwenye mawimbi alikuwa sawa na kuku kwenye mtumbwi. Kitinda alikaa mchangani na fimbo yake, na mama kando yake, aliyekuja bila kusema kwa nini.

Msasa alianguka kila aliposimama. Mara moja pezi likamgonga muundi wa mguu kwelikweli. Alitoka majini akichechemea, akauinua mguu wawili wale wauone: umevimba, haukuchanika.

Kitinda alicheka kidogo. "Dada, unapanda vibaya!"

Mama hakucheka. Alimrushia taulo bila kumtazama. "Jifute," alisema.

Msasa alilidaka kwa mikono miwili.